Shofaji ya Ambilansi ya Ramazani

Kapinga mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na ninajua hawatakuachia kabla ya jua kushuka, maana watakuimbisha nyimbo zote unazozipenda. Nimeketi mezani sebuleni, mlango wazi, na karatasi hizi nimezitoa kwenye daftari lako la zamani la hesabu. Nisamehe kwa mistari.

Kesho ni treni ya Lubumbashi. Mambo ya kula, kulala, kuchagua marafiki na kuamka mapema sitakuandikia. Hayo uliyasikia tangu ulipoanza kutembea, na mengine wewe ndiye uliyenifundisha. Nataka kukuandikia jambo moja ambalo mdomo wangu umeshindwa. Jumanne nilikuita uani, ukaja unafuta mikono kwenye kitenge, ukaniuliza, "Tata, kuna nini?" Nikakuomba maji ya kunywa. Uliniletea, nikayanywa yote na sikuwa na kiu.

Ni juu ya ndugu yako mdogo, yule aliyezaliwa barabarani. Na ni juu ya Ramazani.

Wewe unajua hivi: kwamba Ramazani alikuwa dereva wa ambilansi ya kampuni, kwamba alikwenda kumchukua mama yako kule Tenke bila kuangalia maji ya gari, kwamba gari likafa njiani kwenye baridi na mtoto akafa pamoja nalo. Hivyo ndivyo kambi nzima ya wafanyakazi inavyojua. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Ulikuwa na miaka saba. Ilikuwa kama miaka miwili baada ya vita vya hapa Kolwezi. Wazungu wengi wa garaji walikuwa wamekwenda na hawakurudi, na vipuri navyo havikuwa vikirudi. Ukienda magazini, stoo ya vipuri, kuomba kitu, mtu wa pale alikuwa anakuonyesha rafu tupu kwa mkono, hata kusema alichoka. Tulifanya kazi kwa kutoa kwenye gari moja na kuweka kwenye lingine. Mimi katika hali hiyo nilipanda haraka. Waliniita mekanisie wa kwanza, fundi mkuu wa magari madogo, na ambilansi ilikuwa moja ya magari yangu.

Ramazani alikuwa rafiki yangu kabla ya hayo yote. Watu wake walitoka upande wa Kasongo, watu wa biashara na magari, na yeye alikuwa wa kwanza kwao kuingia kazi ya kampuni. Sisi ni watu wa Kasai, yeye mtu wa msikiti, lakini nyumba zetu zilikuwa zinatazamana, na siku ya sikukuu yao mama yako alikuwa anapelekewa sahani ya wali na nyama, na siku ya Noeli sisi tulipeleka yetu. Alipotoka safari za mbali alikuletea muwa, na kila mara aliukata vipande viwili sawasawa, kimoja chako, kimoja cha Zaina mwanawe. Wewe na Zaina mlilala kitanda kimoja siku nyingi kuliko nilivyoweza kuzihesabu.

Unaijua baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba. Asubuhi majani ya bondeni yanakuwa meupe, na mtu aliyetoka Ulaya anakuuliza kama kweli hapa ni Afrika. Katika msimu huo Ramazani aliniletea ambilansi, siku ya Ijumaa, mchana.

"Tata Kalala, shofaji inapuliza baridi tupu. Bagonjwa banatetemeka kule nyuma."

Shofaji ni kile chombo cha kupulizia joto ndani ya gari. Si kitu kigumu. Maji ya moto ya injini yanapita kwa mipira miwili na kuingia kwenye radiatere, yaani rejeta, ndogo iliyo chini ya dashibodi, feni inapuliza hewa juu yake, hewa inaingia kwenye gari ikiwa na joto. Ikipuliza baridi, sababu si nyingi.

"Feni inazunguka?" nilimuuliza.

"Inazunguka muzuri. Inapuliza na nguvu. Ila ni upepo wa barafu."

Niliinua boneti na injini ikinguruma. Nilishika ile mipira miwili. Ingekuwa yote ya moto, ningejua shida ni kilango cha hewa au waya wa ndani. Ungekuwa mmoja wa moto na mwingine wa baridi, ningejua radiatere ndogo imeziba. Lakini yote miwili ilikuwa na uvuguvugu tu, kama mikono ya mtu aliyetoka kunawa. Maana yake maji ya moto hayafiki pale. Na maji ya moto yasipofika pale, kitu cha kwanza ambacho hata mwanafunzi wa wiki mbili anakijua ni hiki: zima gari, ngoja lipoe, fungua kifuniko cha radiatere kubwa, uone kama maji yamo.

Sikufungua.

Nilikuwa na sababu yangu, na ilikuwa sababu nzuri, ndiyo maana ilinidanganya. Wakati wa joto nilikuwa nimetoa termostati kwenye ile injini. Ni kile kidude kinachozuia maji yasiende kupoa mpaka injini ipate moto. Huku kwetu tulikuwa tunazitoa zikituletea matata, na karibu kila mekanisie alifanya hivyo. Gari lisilo na termostati, kwenye baridi, haliwi na joto la kutosha, na shofaji yake inapuliza ubaridi. Kwa hiyo nilikuwa na jibu kabla ya kuuliza. Nikatazama na mshale wa joto kwenye dashibodi: ulikuwa chini kabisa. Nikasema moyoni, si nilijua, injini haipati moto.

Kapinga, ule mshale unapimwa na kijiti kinachokaa ndani ya maji. Maji yakishuka chini yake, kijiti kinabaki hewani na mshale unalala chini, hata kama injini inaungua. Siku ile katika lile gari lote kitu kimoja tu kilikuwa kinasema kweli, nacho ni shofaji.

Na Ramazani. Yeye pia alisema kweli. Hilo ndilo watu hawajui.

"Tena kuko kitu kingine," aliniambia. "Asubuhi pale gari inalalaka, naonaka udongo umelowa."

"Ni wewe uliyeiosha."

"Mi sijaiosha tangu Jumatatu."

Walikuwapo mafundi wengine wawili pale, wameegemea benchi, wakinitazama. Nilikuwa na cheo changu kipya, na huyu dereva ananifundisha maji mbele yao. Nikafunga boneti kwa nguvu. Nikamwambia, "Ramazani, we endesha, mi nitengeneze. Ni termostati, na termostati haiko magazini. Vaa koti. Na usifungue kitu humu ndani, nimekwisha kuiangalia." Wale wawili wakacheka. Yeye naye alicheka kidogo, kama mtu anayecheka kwa sababu wengine wanacheka, akachukua ufunguo.

Kupoza ile injini kungechukua nusu saa. Kufungua kifuniko, pumzi moja. Nimefanya hesabu hiyo kwa miaka kumi na miwili.

Mama yako alikuwa Tenke kwa dada yake, Mama Ngalula. Shangazi yao alikuwa amefariki, na mume wa Ngalula alifanya kazi pale stesheni. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Nilimruhusu aende kwa treni, kwa sababu alilia, na kwa sababu nilidhani miezi miwili ni mingi. Jumapili mchana ujumbe ulikuja kwa simu ya reli mpaka hospitali: uchungu umemshika kabla ya wakati, nesi wa kule anaomba gari.

Waliokwenda kumwita Ramazani walimkuta nyumbani. Kabla ya kuondoka alivuka barabara akaja kwangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nawe umekishika kiuno changu. Alinambia nisiogope. Aliuliza kama kuna nguo za kumpelekea, nikampa blanketi lile la mistari. Nilitaka kwenda naye. Akasema, "Mutoto utamuacha na nani? Bakia. Mi nitamuleta." Halafu akaniuliza, "Gari iko muzuri?"

Nikamjibu, "Iko muzuri."

Aliondoka kama saa kumi. Yaliyofuata nilisimuliwa na Mama Ngalula, na mengine nimeyasikia mwezi uliopita tu. Walifika Tenke salama. Nesi alimpa mama yako dawa ya kutuliza uchungu, ukatulia, akasema wangoje wapate mwanga wa kuona mashimo ya barabara. Waliondoka kabla jua halijatoka, mama yako amelala nyuma, Ngalula kando yake. Shofaji ilipuliza ule upepo wake mpaka wakaizima. Mshale wa joto ulikuwa umelala chini. Walikuwa wameshapita nusu ya njia injini ilipoanza kugonga, kisha ikashikana, gari likasimama katikati ya pori, na hapakuwa na nyumba hata moja. Ramazani alifungua kifuniko, na haukutoka hata mvuke. Radiatere ilikuwa kavu.

Uchungu ukarudi pale pale. Mama Ngalula ndiye aliyemzalisha. Mtoto alikuwa wa kiume, mdogo, lakini alilia; Ngalula aliniapia kwamba alilia kwa sauti. Wakamfunga kwenye blanketi, wakamweka kifuani pa mama yako. Baridi ilikuwa inaingia kwa kila upenyo wa lile bati. Ramazani alivua koti lake akawafunika, akabaki na shati. Alikata majani kwa mikono, akatafuta vijiti, akawasha moto kando ya gari, lakini yote yalikuwa yamelowa umande na yalitoa moshi kuliko moto. Alikimbia kilometa sijui ngapi upande wa mbele, akarudi, akakimbia upande wa nyuma. Lori la makaa lilipotokea jua lilikuwa limepanda. Mtoto alikuwa amekwisha kunyamaza.

Mama yako alimpa jina kabla hajanyamaza. Alimwita Kabeya, kwa jina la baba yake mzazi, babu yako. Hujawahi kulisikia jina hilo nyumbani kwetu, na sasa unajua kwa nini anatoka nje jirani anapomwita mwanawe wa jina hilo.

Tulimzika Jumanne. Jumatano shefu, mkubwa wa garaji, aliniita ofisini. Ramazani alikuwa ameshaitwa, amesimama karibu na mlango, koti lake amelikunja mkononi. Koti lile lile. Halikuwa limefuliwa bado. Shefu alikuwa na kaye, daftari la garaji, wazi mbele yake na kalamu.

"Sitwayen Kalala," alisema, maana ndivyo tulivyoitana enzi zile, mwananchi, "pole kwa msiba. Nina maswali mawili tu. Ijumaa ulifungua radiatere?"

Nikasema, "Nilifungua. Ilijaa."

"Dereva alikuambia kitu chochote juu ya maji?"

Ningependa kukuambia kwamba nilisita. Ningependa kukuambia kwamba huzuni ilinichanganya akili. Haikunichanganya. Niliona waziwazi mambo mawili: kwamba nikisema kweli, mimi ndiye niliyemuua mwanangu, na mama yako atajua, na kwamba wale mafundi wawili hawatasema kitu, kwa sababu mimi ndiye mkubwa wao.

Nikasema, "Hapana."

Ramazani alinitazama. Nilingoja aseme. Shefu naye alimngoja, akamuuliza, "Una neno?" Ramazani alihamisha koti kutoka mkono huu kwenda mkono mwingine, akasema, "Sina." Basi nikatia sahihi, naye akatia yake.

Walimwachisha kazi wiki ile. Na unajua jinsi nyumba za kambi zilivyo: kazi ikitoka, nyumba inatoka. Kabla mwezi haujaisha walipakia vitu vyao kwenye puspusi, mkokoteni wa kusukuma, wakaenda Musonoi, kwenye nyumba ya matofali mabichi. Zaina alitolewa shule ya kampuni. Wewe ulilia siku tatu, hukula. Siku ya nne ulirudi kutoka kuchota maji umekauka macho. Watoto bombani walikuwa wamekuambia. Tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu, mimi, wewe na mama yako, ukaniuliza, "Tata, ni kweli baba yake Zaina aliua mutoto wetu?"

Mama yako aliinamia sahani. Wewe ulinitazama mimi.

Nikasema, "Ndiyo."

Nimeandika neno hilo na nimetoka nje kidogo, nimerudi. Kati ya yote niliyofanya, hilo ndilo linalonirudia. Kwa shefu nilimdanganya mtu mzima aliyeweza kwenda kuuliza kwingine. Wewe ulikuwa na miaka saba, na hukuwa na mahali pengine pa kuuliza.

Baada ya hapo nilikuwa mekanisie mwema sana. Wote wanakuambia hivyo, na ni kweli. Hakuna gari lililotoka mikononi mwangu bila kufunguliwa kila kifuniko. Dereva akija na neno, hata neno la kipumbavu, naweka spana chini namsikiliza mpaka mwisho. Nimewafundisha vijana wengi kwamba shofaji ikipuliza baridi waanze na maji, na waanze na kumuuliza dereva ameona nini. Walinisifu kwa uvumilivu. Kila sifa niliyopata ilikuwa imekatwa kwenye mwili wa Ramazani. Nilidhani ukifanya kazi vizuri miaka mingi kitu kinajilipa chenyewe. Hakijilipi, mwanangu. Mimi nilizidi kuwa mtu mzuri, na yeye alizidi kuwa maskini, na mambo hayo mawili hayakukutana.

Utakumbuka soko la Musonoi, ulikuwa na miaka kama kumi na mitatu. Tulikwenda kununua unga wa muhogo. Yeye alikuwa anaziba mipira ya baiskeli pale pembeni, ndevu zimeanza kuwa nyeupe. Alikuona, uso wake ukafunguka, akasimama. "Kapinga! Umekua hivi?" Akanyosha mkono. Wewe ulirudi hatua moja, ukasema kwa sauti, watu wote wakageuka: "Usiniguse. We uliua ndugu yangu." Ukatema mate chini.

Hakukutazama wewe. Alinitazama mimi, juu ya kichwa chako. Mkono wake ulibaki vile vile, umenyoshwa, halafu akaushusha akaokota pampu yake. Nami nililipa unga tukaenda. Njiani ulinishika mkono, ukaniuliza kama nimekukasirikia. Nilikuambia hapana. Ulidhani nimekasirikia utovu wako wa adabu.

Nikueleze ilivyokuwa mwezi uliopita, mpaka nikafika kwenye karatasi hizi. Ulikuwa unapiga pasi, mimi nasikiliza redio. Ulisema, bila hata kuinua macho, "Tata, siku nikipata batoto, nitabaambia juu ya Kabuchu." Hivyo ndivyo ulivyosema, Kabuchu, mdogo, kwa sababu hukujua jina lake. "Na nitabaambia jina la mutu mwenye alimuua. Wasilisahau." Ukaendelea kupiga pasi. Nikaona wajukuu wangu ambao hawajazaliwa, wanafundishwa kumchukia mzee mmoja wa Musonoi, na mafundisho yametoka mdomoni mwangu.

Jumamosi ile nilikwenda kwake kwa miguu. Alikuwa nje, ameipindua baiskeli, anatafuta tundu la mpira kwenye beseni la maji. Hakusimama. Nilichuchumaa mbele yake. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Yote yalikwenda. Nikasema tu, "Ramazani, uliniambia juu ya maji."

Akasema, "Nilikuambia."

"Na mi nilisema hapana."

"Nilikuwa pale." Alizungusha mpira ndani ya maji polepole, mapovu yakatokea, akaweka kidole juu ya tundu. "Kule Tenke nilitaka kufungua, Kalala. Asubuhi mbele ya kutoka. Nilishika kifuniko hivi. Nikakumbuka umesema nisifungue kitu, umekwisha kuiangalia. Nikaona mushale uko chini. Nikaacha. Basi na mi niko na yangu."

Nilimwambia hana lake. Nilimwambia lote ni langu. Hakutaka kusikia hayo; alinikata kwa mkono.

Nikamuuliza sababu, "Juu ya nini hukusema? Pale mbele ya shefu. Alikuuliza."

Aliutoa mpira majini. Mke wake, Mama Zaina, alikuwa ametokea mlangoni, amesimama. Ramazani akasema, "Ntumba bibi yako alikuwa amezika mutoto jana yake. Nikisema, angekuwa hana mutoto, na hana bwana vilevile. Nikawaza, Kalala atasema mwenyewe. Atangoja bibi yake apone kidogo, halafu atasema. Nikangoja wiki. Nikangoja mwaka." Halafu akaweka mpira chini na kunitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Batoto bangu babili hawakumaliza masomo, Kalala. Zaina alikuwa na akili kupita Kapinga wako. Unajua hiyo?"

Nilijua. Ulikuwa unanakili kwake.

Nilimwomba msamaha. Sikupiga magoti, nilikuwa tayari chini. Sitakuambia kwamba alinipa, kwa sababu hakunipa. Alisema, "Mi sina kitu cha kukujibu leo." Nilipokuwa nimeinuka kwenda, ndipo akasema kwa nyuma yangu, "Mutoto wako anajua?"

"Hapana."

"Umuambie. Wengine banaweza kubakia hivyo hivyo, nimebazoea. Ila yule nilimubeba mugongo. Umuambie."

Nilimuahidi. Lakini sikuweza kukuambia wewe kabla ya mama yako.

Nilimwambia Jumapili iliyopita, baada ya misa, wewe umebaki kanisani na kwaya. Alikuwa chumbani, anakunja nguo zako za safari juu ya kitanda. Nilisimama mlangoni nikasema yote kama nilivyokuandikia hapa, radiatere, udongo uliolowa, shefu. Hakulia. Aliendelea kukunja mpaka nilipomaliza. Halafu aliniuliza jambo moja.

"Alipokuja hapa mulangoni, ile Jumapili, akakuuliza kama gari iko muzuri. Ulimujibu nini?"

Hilo sikuwa nimelisema. Sijui alilijuaje, nadhani Ramazani alimwambia njiani siku ile, kumtuliza, kwamba gari ni zima, Kalala amesema.

"Nilimwambia iko muzuri."

Akaweka chini blauzi yako ile ya buluu. Akafunga kitambaa chake, akatoka. Kwa magoti yake yale yanayouma alikwenda Musonoi kwa miguu, peke yake. Alirudi jua likizama. Mama Zaina alikuwa amemsindikiza mpaka kwenye njia ya reli. Niliwaona kutoka hapa mlangoni, wamesimama pale wameshikana mikono, wanawake wawili wazee kabla ya wakati wao.

Tangu siku ile ananipikia, ananiwekea sahani, na yeye anakwenda kula chake uani na dada zake wa jirani. Hajanisemesha. Wewe umedhani ni huzuni ya safari yako, ukawa unamkumbatia kila saa. Endelea kumkumbatia. Sijui kama atanisemesha wiki ijayo au mwakani au hapana. Nitakuwepo. Jumatatu nitakwenda ofisi ya kampuni kuandika upya ile ripoti. Shefu wa zamani hayupo, na wa sasa labda atanishangaa, labda haitamrudishia Ramazani kitu, labda itaniondolea mimi nyumba hii. Mama yako anajua, nilimwandikia kwenye karatasi na kuiweka kando ya kikombe chake. Aliisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake. Nimechukua hiyo kuwa ruhusa.

Wewe sikuombi kitu. Nilikuwa nimeandika hapa mstari wa kuomba unisamehe, nikaufuta, unaona wino. Si haki kumpa mtu mzigo kama huu siku moja kabla ya safari na kumwomba pia aubebe vizuri. Ukitaka kunichukia, una miaka kumi na miwili ya chuki uliyoiweka mahali pasipostahili, na mimi ninakuonyesha mahali pake. Ukitaka kutoniandikia kutoka Lubumbashi, mwandikie mama yako. Yeye atafurahi, nami nitaona bahasha.

Zaina yuko huko Lubumbashi, ameolewa, ana mtoto mmoja. Mama Zaina alimpa mama yako karatasi yenye namna ya kufika kwake, nami niliikuta mezani. Zaina hajui bado ukweli huu. Baba yake ameandika humo kwamba wewe ndiye utakayemwambia ukipenda, na usipopenda, atamwambia mwenyewe.

Nitakupa barua hii mkononi kabla ya chakula cha jioni, kisha nitakwenda kukaa nje, uisome bila kuniona.

Treni haiondoki kabla ya saa nne, na mara nyingi inachelewa. Kutoka hapa mpaka Musonoi ni mwendo wa saa moja. Ramazani anaamka kwa sala ya alfajiri, na baada ya sala haingii tena ndani, anatoa baiskeli zake nje na kuanza kazi. Nyumba yao ni ya tatu baada ya soko, ina mlango wa bati. Mama yako anaijua, na nadhani ameshapanga kuamka mapema. Ukienda naye, msinisubiri. Nitapeleka sanduku stesheni na kukaa nalo.

Ukifika, usimueleze kwamba hukujua. Anajua hukujua. Mpe mkono, na umwite Tata.

Baba yako,
Kalala